Hekima 15, Siha 7: Kusoma Karatasi ya Mhusika

Karatasi ya mhusika katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ni utanzu unaostahili kuhakikiwa. Ina mpangilio wake, ina vikwazo vyake, ina mahali inapomlazimisha mwandishi anyamaze. Wachezaji wengi huharakisha kuijaza ili waingie mchezoni. Mimi hukaa nayo, kwa sababu namna karatasi inavyouliza maswali yake ndiyo inayoamua ni mtu wa aina gani atakayeweza kuzaliwa humo.

Tuanze na umbo la kwanza. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo huo katika vijitabu vitatu. Kijitabu cha mwanzo, Men & Magic, kinamwagiza mwamuzi wa mchezo arushe dadu tatu za pande sita, mara sita. Jumla ya kwanza ni Nguvu, ya pili Akili, kisha Hekima, Siha, Wepesi na Haiba. Anayerusha ni mwamuzi, mchezaji anapokea. Matokeo yanayowezekana kwa dadu tatu ni 216, na ni moja tu linaloleta 18. Robo nzima ya matokeo hayo huangukia 10 au 11. Kwa hiyo umbo hili halizai mashujaa. Linazaa watu wa kawaida wenye kona moja au mbili zilizochomoza.

Tuseme dadu zimeleta hivi: Nguvu 8, Akili 9, Hekima 15, Siha 7, Wepesi 11, Haiba 12. Hakuna neno hata moja la tabia hapo, lakini mgongano umeshaingia. Huyu anaona mbali, na mwili wake haumfikishi. Kazi zilizokuwapo mwaka ule ni tatu, mpiganaji, mchawi na kasisi, na Hekima inamvuta kwenye ukasisi. Sasa kanuni zinamwongezea mambo mawili. Kasisi haruhusiwi silaha yenye makali. Tena kasisi wa daraja la kwanza hana dua hata moja inayojibiwa. Ya kwanza huipata akifika daraja la pili. Ukiziweka kanuni hizo mbili juu ya zile namba sita, unampata mcha Mungu dhaifu wa mwili anayeteremka pangoni na rungu mkononi, kwa ajili ya Mungu ambaye bado hajamwitikia. Hakuna mtunzi aliyeketi akaibuni hali hiyo. Imetokana na majedwali yaliyokutana, na nimesoma riwaya kadhaa ambazo wahusika wake wakuu hawana hata nusu ya mvutano huo.

Halafu ziko fedha. Dadu tatu tena, mara kumi, zinatoa idadi ya sarafu za dhahabu. Kasisi wetu amepata 60. Deraya ya pete za chuma ni 30, rungu ni 5, zimebaki 25. Msalaba wa fedha ni 25 kamili. Akiununua, anashuka gizani bila mwenge, bila kamba, bila ngao. Msalaba wa mti ni sarafu 2 tu. Akichukua huo, anaweza kuongeza ngao kwa 10, kamba ya futi 50 kwa 1, mienge sita kwa 1, na bado akabakiwa na chenji. Karatasi haikumuuliza anaamini nini, wala imani yake ina kina gani. Imempa bei. Jibu litakaloandikwa kwenye orodha ya vifaa litatueleza zaidi kuliko aya nzima ya wasifu, maana kila kitu kilichomo kimenunuliwa kwa kuacha kingine. Kwangu hapa ndipo ulipo ustadi mkubwa wa umbo la 1974: baada ya dadu na uchaguzi wa kazi, sehemu pana zaidi aliyoachiwa mchezaji kujieleza ni orodha ya manunuzi. Orodha hizo husomeka kama orodha za hofu. Mwenye fito ndefu anaogopa sakafu; mwenye maji ya baraka anawaogopa wafu.

Mchezo wa Traveller wa mwaka 1977, wenye hadithi za angani, uliipeleka mbali zaidi fikra hii ya maisha yanayopokelewa. Humo mhusika anaanza na miaka 18, anatumikia vipindi vya miaka minne minne, na katika kila kipindi dadu huamua kama amenusurika. Wapo wanaokufa kabla mchezo haujaanza. Ni ukatili, lakini anayesalia ana umri alioulipia.

Dungeons & Dragons ilikwenda upande mwingine. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 1979 kilitaja kwanza njia ya kurusha dadu nne, kuacha iliyo ndogo, kisha kupanga jumla sita upendavyo. Badiliko hili linaonekana dogo, na kumbe limemwondoa yule kasisi kabisa. Mchezaji anayepanga mwenyewe huamua kwanza kazi, kisha anazitiisha namba zake zifuate. Kufikia toleo la 2014 kulikuwa na safu iliyokwisha kuandaliwa kwa asiyetaka dadu: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Angalia hiyo 8. Ndiyo udhaifu pekee ulioachwa, na mwenye karatasi ana ruhusa ya kuuficha mahali ambapo hautaulizwa kamwe. Mchawi huiweka kwenye Nguvu. Mpiganaji mwenye shoka huiweka kwenye Akili au Haiba. Matokeo yake, wachawi wa meza nyingi wanafanana kwa udhaifu wao kuliko wanavyofanana kwa uwezo wao.

Waandishi wa toleo hilo naamini waliliona pengo, kwa kuwa walijenga visanduku vinne kwenye safu ya kulia ya karatasi: Tabia, Maadili, Fungamano na Dosari. Kitabu kina aina 13 za usuli, kama baharia, askari, mtawa wa upweke au mtoto wa mitaani, na kila moja ina majedwali yake: tabia nane, na maadili, mafungamano na dosari sita sita. Sentensi za majedwali hayo nyingi zimeandikwa katika nafsi ya kwanza. Hili ni tukio kubwa katika historia ya utanzu huu. Upande wa kushoto namba zinamzungumzia mtu. Upande wa kulia mtu mwenyewe ameanza kusema.

Lakini msikilize anavyosema dosari yake. Anaijua, anaitamka kwa ufasaha, tena ameichagua. Dosari ya namna hiyo imeshafungwa hatamu. Siha 7 haikumwomba mwenyewe ruhusa, na mwenyewe huenda hana neno la kuielezea. Inamkuta usiku wa tatu wa safari, anapokohoa wenzake wanapolala. Na kanuni zinakiri tofauti hiyo. Namba huingia katika hesabu kila dadu linaporushwa. Dosari inasubiri mwendesha mchezo aikumbuke, ndipo amtuze mchezaji fursa ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua jibu lililo bora.

Kisanduku ninachokithamini zaidi ni Fungamano, kwa kuwa ndicho pekee kinachotoka nje ya ngozi ya mhusika: kuna mtu, mahali au deni linalomvuta. Udhaifu wake ni kwamba kimewekwa mbali na Dosari, kila kimoja na mistari yake michache, kana kwamba havijuani. Wasimulizi wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, hawakuvitenganisha. Jitu lile halikudhurika ila kwa shaba iliyochomwa kitovuni, na siri hiyo ilimwua kwa sababu mwanawe alimwuliza naye akamjibu. Dosari na fungamano ni kitu kimoja pale, na msiba wote umo ndani ya jibu la baba kwa mtoto. Mchezaji anayejaza karatasi ya 2014 anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuviandika visanduku hivyo viwili kama sentensi moja iliyokatwa katikati. Umbo halimzuii, ila halimwonyeshi njia.

Toleo la 2024 limeyaondoa majedwali yale katika usuli. Nyongeza za alama za uwezo sasa zinatokana na usuli wenyewe, kiasi kwamba maisha ya nyuma yanaingia moja kwa moja kwenye namba, na hilo nalipongeza bila kusita. Palipokuwa na mafungamano na dosari, kitabu kinapendekeza maneno ya tabia kufuatana na alama: Nguvu ikiwa juu kuna maneno yake, ikiwa chini kuna mengine. Hapo ndipo ninapobishana nacho. Neno likizaliwa na namba halitaweza kuipinga. Mwenye Nguvu ndogo atapewa maneno ya unyonge, na kwa kuwa yanalingana vizuri atayakubali, akaendelea mbele. Yule mwenye Nguvu 8 anayeng'ang'ania kubeba mizigo ya wenzake, anayekasirika wakimpokonya, hatokani na jedwali hilo, kwa sababu halikuacha nafasi baina ya mwili wake na maneno yake, na alihitaji nafasi hiyo ili awepo.