Iliyosahaulika au Iliyosahauliwa? Usomaji wa Postikadi na Picha za Familia kutoka Kajiado

Wakusanyaji wa postikadi na picha kuukuu wana msemo wanaoupenda: "familia iliyosahaulika". Huuandika juu ya bahasha kila mara majina ya waliopigwa picha yasipojulikana. Makala haya yanadai kwamba msemo huo ni hukumu, tena hukumu iliyotolewa kabla ya mashahidi kusikizwa.

Tuanze na sarufi. Kitenzi "sahaulika" kimo katika kauli ya kutendeka, nayo kauli hiyo haimdai mtenda. Chombo huvunjika, njia hupitika, familia husahaulika, na hakuna anayeulizwa. Tukisema "iliyosahauliwa", swali huja papo hapo: imesahauliwa na nani?

Postikadi ndiyo mfano wa kwanza. Posta ya Austria ilitoa kadi ya kwanza ya aina hii mwaka 1869, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 biashara ya kadi zenye picha ilikuwa imestawi duniani kote. Zanzibar ilikuwa na studio zake, mojawapo ikiwa ya A. C. Gomes, Mgoa. Katika kadi za Wamaasai za enzi hiyo, maelezo ya chini kwa kawaida hayazidi "shujaa wa Kimaasai" au "mwanamke wa Kimaasai". Jina la kabila limekalia kiti cha jina la mtu. Ikumbukwe kwamba miaka hiyohiyo, kwa mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai walikuwa wakihamishwa kutoka ardhi yao, na mwaka 1913 walikwenda mahakamani kupinga. Ole Njogo, mlalamikaji, ana jina katika kumbukumbu za sheria. Wenzake waliosimama mbele ya kamera hawana. Kwa hiyo majina yalikuwapo. Aliyechapisha kadi hakuyahitaji.

Je, mkusanyaji wa leo amefanya zaidi? Mwingereza Humphrey Winterton alikusanya picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za miaka ya 1860 hadi 1960, na mwaka 2002 mkusanyiko huo uliingia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Hatuna budi kumshukuru mtu aliyeokoa kilichokuwa karibu kutupwa. Hata hivyo, kuokoa karatasi ni nusu ya kazi. Wanaoweza kusema "huyu ni nyanya yangu" wako mbali sana na rafu hizo.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua tatizo hili. A. C. Hollis alipochapisha ngano, methali na vitendawili vya Wamaasai mwaka 1905, alihifadhi hazina kubwa. Naomi Kipury alirudia uwanja huo mwaka 1983, safari hii akiwa mwana wa jamii yenyewe. Katika taaluma yetu tumekwisha kukubaliana kwamba ngano iliyotengwa na fanani, hadhira na tukio la utambaji ni mabaki ya ngano. Ajabu ni kwamba hatujaidai picha vivyo hivyo. Picha ya familia nayo hutambwa: hutolewa sandukuni, hupitishwa mkononi kwa mgeni, na mwenye nyumba husimulia. Akiondoka msimulizi, inabaki nguo na nyuso.

Mwandishi wa makala haya anayo picha moja aliyoipata Kajiado: mwanamume aliyevaa koti, mwanamke ameketi, watoto wawili, nyuma yao pazia la studio. Upande wa pili limeandikwa neno moja tu kwa wino: "Ukumbusho". Kwa muda mrefu bahasha yake ilisomeka "familia iliyosahaulika". Kisha picha hiyo ilionyeshwa kwa mzee mmoja wa mji huo. Aliitazama kitambo, akainyamazia, halafu akasema kwamba yule bwana alikuwa wa rika la Iseuri. Jina hakulitaja.

Msomaji wa haraka angesema mzee amesahau. La hasha. Katika mila ya Wamaasai, jina la marehemu halikutajwa ovyo. Kulinyamazia kulikuwa heshima. Na alichokitaja mzee si kidogo. Rika humweka mtu katika wakati wake, pamoja na wale aliotahiriwa nao, na huonyesha daraja lake katika jamii. Kwa neno moja picha ile ilipata tarehe ya kukadiria na jamii ya kuulizwa. Kimya chake kilikuwa sehemu ya maana, na mkusanyaji alikuwa amekisoma kama pengo.

Haya yangekuwa mazungumzo ya darasani tu lau si hali ya Kajiado yenyewe. Ranchi za vikundi, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968, zimegawanywa vipande na vingi vimeuzwa. Kitengela, iliyokuwa mbuga ya malisho, imekuwa mji. Familia ikihama, sanduku la picha huachwa au huuzwa pamoja na vikorokoro vingine. Pahali ambapo boma limegeuka ploti, picha inaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki kwamba fulani aliishi hapo na watu wake. Mkusanyaji anayeinunua bila kuuliza lolote anaukamilisha usahaulifu ule anaodai kuupinga.

Pendekezo letu ni dogo. Picha ikusanywe kama ngano inavyokusanywa: pamoja na mahali, siku, msimulizi akiridhia, na maneno yake kama alivyoyasema. Pale ambapo jina limekosekana, mkusanyaji atofautishe kati ya "jina halijulikani" na "jina halikutajwa". La kwanza linakiri upungufu wa utafiti. La pili linamheshimu anayejua na ameamua kunyamaza. Bahasha yetu ya Kajiado sasa ina maandishi haya ya pili.