Nyumba Yafufuliwa, Ahali Je?

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Indiana, Marekani, zuru Conner Prairie. Hapo ipo nyumba ya matofali aliyoijenga William Conner, mfanya biashara ya ngozi, mwaka 1823. Tajiri Eli Lilly aliinunua mwaka 1934, akaitengeneza upya. Watumishi wake huvaa mavazi ya kale, wakasokota nyuzi mbele yako. Kazi hiyo ni nzuri, nasi twaisifu.

Lakini nyumba ni matofali tu? Kabla yake Conner alikuwa na mke, Mekinges, wa kabila la Lenape, na watoto sita. Mwaka 1818 alikuwa mkalimani wa mkataba uliowatoa Walenape katika ardhi yao. Mwaka 1820 Mekinges na wanawe wakahama na jamaa zao. Conner akabaki, na kabla mwaka haujaisha akaoa mwingine.

Makumbusho hayo yana kambi ya Walenape pia. Kosa ni letu wageni, tunaostaajabia meko tukapita. Ukuta uliobomoka fundi huurudisha. Haki ya mke na watoto hairudishi. Basi itazame nyumba yako ungali hai: Siku ya Kiyama hutaulizwa matofali, utaulizwa ahali.