Walijumlisha Palipotakiwa Kutoa

Huku Minembwe, anayechomeka modemu ya simu kwenye kompyuta ya Linux ili apate intaneti mara nyingi huhudumiwa na programu asiyoiona: pppd. Ndiyo inayopatana na upande wa pili na kuhakikisha kila mmoja ni yule anayedai kuwa. Mwaka 2020 ilitangazwa kasoro aliyoigundua Ilja Van Sprundel wa kampuni ya IOActive. Ilikuwamo tangu toleo 2.4.2 hadi 2.4.8, takriban miaka 17. Ilipewa namba CVE-2020-8597, na hatari yake ikapimwa 9.8 kati ya 10.

Ilikaa kwenye sehemu ya EAP, mojawapo ya njia za kuthibitisha utambulisho. Pakiti huja na thamani fulani, ikifuatwa na jina la mtumaji, na jina hilo hunakiliwa kwenye bafa ya baiti 256. Waandishi hawakusahau kinga. Waliweka sharti la kukata jina refu mno, na kando yake wakaandika kwamba jambo hilo si rahisi kutokea. Ila sharti lenyewe liliuliza kama urefu wa thamani unafikia urefu wa data yote ukijumlisha 256. Mistari michache kabla yake, pakiti ambayo thamani yake inazidi data ilikuwa imeshakataliwa, kwa hiyo sharti hilo lisingeweza kutimia hata mara moja. Chukua thamani ya baiti 16 na jina la baiti 600. Data ni 616, na 16 haifikii 872. Programu inaliona jina ni la kawaida, inalinakili lote, na baiti 344 zinafurika kwenye kumbukumbu ya jirani. Kwa kuwa pppd huendeshwa kwa mamlaka ya root, anayefanikiwa kupitia hapo anaishika mashine nzima.

Februari 2020, Paul Mackerras, mtunzaji wa pppd, alirekebisha hesabu: toa urefu wa thamani kwenye data, kinachobaki ni jina, likifika 256, likatwe.

Rekebisho lake la pili ndilo ninalolithamini zaidi. Awali pppd ilizisoma pakiti za EAP hata pale ambapo pande mbili hazikuafikiana kutumia EAP, na hata kabla nenosiri halijaulizwa. Aliyechagua CHAP, njia nyingine ya kuthibitisha utambulisho, alikuwa hatarini vilevile. Sasa pakiti zisizoalikwa hutupwa, na kasoro nyingine yoyote iliyojificha nyuma ya mlango huo inakuwa ngumu kufikiwa.

Msimbo wenye kasoro hiyo ulikuwa umenakiliwa pia kwenye lwIP, programu ya vifaa vidogo, nayo ikahitaji kurekebishwa.

Mwenye Linux asiridhike na namba ya toleo peke yake: Debian na Ubuntu zilitia kiraka kwenye matoleo yaleyale ya zamani, hivyo atazame historia ya mabadiliko ya kifurushi cha pppd alichokisakinisha. Ruta ni shida zaidi. Kuzima EAP kwenye mipangilio hakuikingi, na kama ina pppd ya zamani na kiwanda hakiitolei tena programu mpya, ibadilishwe.