Wa Mwisho Kushoto

Tangu niache chuo, kodi yangu hapa Kitengela inalipwa na vijitabu vya mazishi. Kurasa nane, picha thelathini kwa WhatsApp, na familia inataka kazi leo leo kwa sababu msafara wa kwenda Kajiado unatoka alfajiri.

Juzi mzee mmoja, shemeji wa marehemu, alinionyesha picha ya watu sita. "Huyu wa mwisho kushoto mtoe, kijana wangu. Anaharibu picha." Nikasema sawa, mzee. Nikakata. Ukurasa ukakaa poa kweli.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Vanessa Nakate. Januari 2020, kule Davos, Uswisi, mwanaharakati huyo wa Uganda alipigwa picha na wenzake wanne wazungu, Greta Thunberg akiwemo. Shirika la habari la Associated Press likasambaza picha yenye wanne tu. Nakate alikuwa mwisho kushoto. Maelezo ya kwanza yalikuwa ya kifundi: jengo lililo nyuma yake lilivuruga mpangilio wa picha. Baadaye shirika likaomba radhi.

Wengi waliona maelezo hayo ni uongo. Mimi nayaamini, na ndiyo maana yananitisha. Jengo lilikuwepo kweli, na ukilikata picha inatulia. Lakini jicho linalosema "hapa pamejaa" tayari limeshaamua nani ni kiini na nani ni ukingo. Ukishamweka Greta katikati, unaona jengo kabla ya kumwona Nakate. Hakuna haja ya chuki hapo, mazoea yanatosha.

Tunaopanga kurasa tunapenda kusema kazi yetu ni urembo tu, siasa ni za wengine. Si kweli. Kama jengo linasumbua, picha ipewe nafasi pana zaidi, au itafutwe nyingine. Kumkata mtu ndiyo njia rahisi, na urahisi huo ndio unafaa kutushtua.

Kile kijitabu kiliprintiwa nakala mia mbili. Ndipo nikaona nilichoacha: vidole vinne juu ya bega la mtoto mdogo, bila mwenyewe.

Siku hizi mteja akiniambia "toa huyu", nauliza kwanza huyo anaitwa nani.