Fundi wa Mlio Hupimwa kwa Kuachia Mafuta

Kuna fundi mmoja mjini anasifiwa kila kijiwe kwa sababu "ameua mlio" wa Hilux. Alibadilisha beringi za magurudumu yote manne, akafunga mkanda mpya, akajaza oili nzito kwenye difu. Gari likanyamaza, mteja akalipa na kuwaita majirani. Nimelisikia gari hilo. Halijapona, limezibwa mdomo. Oili ile ikipata joto la safari ya Morogoro, mlio utarudi na deni lake.

Watu wanasifu ukimya, na ukimya ni rahisi kuununua. Cha kusifiwa ni utambuzi. Fundi wa mlio haanzi kwa kuuliza gari linalilia wapi, kwa maana sauti hutembea kwenye chesisi, na difu ya nyuma huweza kusikika chini ya kiti cha dereva. Anauliza linalia lini.

Yaliyo mepesi humalizwa gari likiwa limesimama. Weka fri, piga resi. Mlio ukipanda pamoja na resi, usiguse difu: tafuta kwenye oltaneta, pampu ya stelingi au roli ya kukaza mkanda. Kata usukani hadi mwisho. Mlio ukizidi, tazama kwanza kiasi cha haidroliki kabla ya kumtuma mtu dukani kutafuta pampu. Barabarani, toka kwenye lami uingie barabara ya vumbi. Sauti ikibadilika, ni tairi. Ikibadilika unapoyumbisha gari kushoto na kulia, ni beringi ya gurudumu. Fundi anayehitaji zaidi ya nusu saa kwa haya bado ni mwanafunzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wote wanaosifiwa hulikosa. Gari likilia wakati wa kukanyaga mafuta, mteja na fundi wake husikiliza mguu ukiwa chini. Mguu ukiinuka tu, wanaanza kuzungumza. Mzee aliyenifundisha kazi mtaa wa Gerezani alikuwa akipanda kiti cha abiria, vioo juu, macho amefumba. "Kanyaga." Gari likifika mwendo wa themanini: "Achia." Hapo ole wako ukohoe. Kisha: "Shikilia," yaani mwendo usipande wala usishuke. Halafu anarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti ileile.

Alikuwa anasoma meno ya difu. Jino la kraunwili, ile gia kubwa ya difu, lina nyuso mbili. Ukikanyaga, pinioni, gia ndogo inayoizungusha, inasukuma uso mmoja. Ukiachia, magurudumu ndiyo yanayoisukuma pinioni, na mzigo unahamia uso wa pili. Mlio wa kukanyaga peke yake huelekeza kwenye uso wa kwanza: umelika, au pinioni imepangwa vibaya. Mlio wa kuachia peke yake, mara nyingi nati ya pinioni imelegea au beringi yake ina mchezo. Gari likilia vilevile mguu ukiwa chini au juu, rudi kwenye matairi na beringi za magurudumu. Zile sekunde chache za kuachia zina habari kuliko mchana mzima wa kufungua nati.

Na kabla ya kutamka neno difu, mzee alikuwa akisema, "Kijana, tia namba nne." Kwenye giaboksi ya Hilux, namba nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Mlio ukiwepo kwenye tatu na tano, ukapotea kwenye nne, mgonjwa ni shafti ya kati ya giaboksi, na difu haina kosa. Wasifiwa wetu hupandisha gari kwenye jeki, wakazungusha magurudumu kwa mkono, wakatangaza kila kitu kizima. Gari lililo juu ya jeki halina mzigo, litalia kwa lipi?

Matapeli nao wana historia yao. Dalali wa zamani alitia vumbi la mbao kwenye difu, akauza gari likiwa kimya kama maji mtungini. Mnunuzi alipofungua alikuta uji. Anayejaza oili ya 140 pasipotakiwa anarithi kazi ya dalali huyo. Mwenzao ni yule anayekuletea pinioni ya mtumba peke yake. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani. Ukizitenganisha, umenunua mlio mpya. Na anayetia haidroliki ya kawaida kwenye giaboksi ya CVT asiitwe fundi hata kwa utani.

Kazi ikifunguliwa, tazama rangi. Fundi hupaka meno rangi, akazungusha, akasoma alama: ikizama kwenye shina la jino, pinioni iko karibu mno, ikipanda ukingoni, iko mbali. Ndipo anagusa shimu. Mchezo wa difu ya Hilux ni milimita 0.13 hadi 0.18, na kiganja hakiwezi kupima hivyo; pawe na geji ya saa. Nati zipangwe kwenye sinia kwa mfuatano zilivyotoka. Gereji yenye redio haifai kwa kazi ya mlio. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Zamani masikio yalilelewa. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, ilikuwa na difu ya skrubu, tulivu mno, na waliozoea utulivu ule walisikia kasoro kabla haijawa kelele. Vijana wa leo wamekulia kwenye honi na spika.

Basi, ukipeleka gari linalolia, mpe fundi ufunguo na umtazame. Akikimbilia boneti, mshukuru uondoke. Akikuomba uendeshe, akanyamaza ulipoachia mafuta, mlipe anachotaka.