Mkate wa Wishwa

Watoto wanaojazana kwenye vibanda umiza vya Lushoto kutazama filamu za video, sawa na wenzao wa Mombo huko chini na wa Manzese kule mbali, wanaijua kanuni moja kabla hata ya kujua kusoma: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungwe katika gereza la makatili ambako mkuu ana jicho moja na wanyapara wana shingo za fahali, watazamaji kwenye mabenchi hawana hofu. Wanasubiri. Wanajua ataanza na mbabe wa seli, atapanda ngazi kwa ngazi hadi kwa mkuu wa gereza, na mwisho ukuta utaporomoka kwa ngumi. Nazipenda filamu hizo na sioni aibu kusema. Nyingi zilifika kwetu zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, kama Derek Mukandala, yule Lufufu, ambaye aliweza kuwafanya wafungwa wa Hong Kong wagombane kama watu wa Kariakoo. Nusu ya utamu ulikuwa wake.

Ila gereza la filamu hizo halina kazi nyingine zaidi ya kuhesabia makonde. Nguvu zimeingia na stelingi na zitatoka na stelingi. Kiswahili kina mfungwa wa namna hiyohiyo, mwenye nguvu zisizo za binadamu, aliyefungwa karne nyingi kabla ya video, na waliomsimulia walikuwa mafundi kwa kiwango ambacho nadhani hatujakisifu vya kutosha. Huyo ni Fumo Liyongo wa pwani ya Pate na Shaka, mlangoni mwa mto Tana. Wataalamu hawajaafikiana aliishi karne gani. Kipini huonyeshwa kaburi linalosemwa ni lake.

Habari yake ilichapwa katika kitabu cha ngano cha Edward Steere mwaka 1870, kwa nathari. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitunga kwa utenzi wa beti zaidi ya 200. Kijumwa alikuwa mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri, mtu ambaye vidole vyake vilijua patasi kabla ya kujua sifa. Mimi siwezi kusoma sehemu ya gereza katika utenzi ule bila kuikumbuka kazi yake hiyo. Ni sehemu iliyotungwa na mtu anayejua kwamba chuma hukatwa taratibu, na kwamba ukataji una kelele.

Kabla ya kumfunga, utenzi unatuonyesha ukubwa wake. Anatembea kwa siku moja mwendo wa siku nne. Anapiga panda mji ukatetemeka. Anakung'uta mkoba wake mbele ya wageni na ndani yake vinatoka kinu, mchi, jiwe la kusagia na mafiga, yaani jiko zima. Sultani wa Pate anaanza kulala vibaya. Inatengenezwa hila ya mikoma: wanaume wapande kwa zamu kuangua makoma, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Zamu inafika, Liyongo anachukua upinde na kuliangusha shada kutoka chini, miguu yake ikiwa palepale ardhini. Hapo msikilizaji anacheka na kuamini kwamba mtu huyu hashikiki.

Kisha anashikwa. Anatiwa pingu na minyororo, na walinzi mlangoni.

Mtunzi wa kawaida angempa hasira, misuli ivimbe, minyororo ikatike. Nguvu zipo, tumeshaziona. Lakini utenzi unaziweka kando na kuanza kushughulika na chakula. Kila siku mama yake anampelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Kila siku walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Ni ukatili mdogo, wa kila siku, ambao yeyote aliyewahi kumpelekea ndugu yake chakula mahabusu ataufahamu bila kuelezwa. Na fundi anaufanya ukatili huohuo kuwa ufunguo. Liyongo anamfundisha Saada wimbo wa kumfikishia mama, wimbo wenye hata lawama kidogo ndani yake, kwamba mama amechelewa kuerevuka: aoke mkate, katikati aweke tupa. Mama anaoka mkate mzuri wa walinzi, na mkubwa mwingine wa wishwa, makapi matupu. Tupa zimo katika wishwa. Walinzi wanautazama ule wa makapi, wanaudharau, wanakula ule mzuri, na kwa mikono yao wenyewe wanampa mfungwa chombo cha kuwashinda.

Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Hakuna muujiza. Hakuna hata bahati. Mpango wote umejengwa juu ya jambo moja ambalo msikilizaji ameshalishuhudia mara kadhaa na hakulitilia maanani, yaani ulafi wa walinzi. Mtunzi ameliweka mbele ya macho yetu na kulifunika kwa kulirudia. Unapofika mkate wa pili, sisi wasikilizaji na walinzi tumedanganywa kwa njia ileile, isipokuwa sisi tunafurahi.

Bado kuna kelele. Tupa ikisugua chuma usiku, mlinzi mlevi ataamka. Basi Liyongo, ambaye sultani ameshaamua auawe, anaomba kabla ya kufa achezewe ngoma ya gungu, na watu wa mji wanakuja na vyombo vyao, naye mwenyewe akiwafundisha nyimbo kutoka ndani. Wanaimba na kupiga, yeye anakereza. Mji uliokubali afungwe ndio unaoifunika sauti ya tupa, kwa sababu haukuweza kukataa wimbo mzuri. Ngoma inapokoma yuko huru, na hapo tu ndipo mtunzi anaturudishia nguvu zake: walinzi wanashikwa vichwa na kugonganishwa. Beti chache, basi. Kibanda umiza kingetoa nusu saa.

Umbo la utenzi linasaidia. Ubeti una mishororo minne ya mizani nane. Mitatu ya kwanza inafungana kwa kina kimoja, wa nne unabaki na kina kinachorudi ubeti hadi ubeti mpaka mwisho wa kazi yote. Huwezi kupoteza muda ndani ya mizani nane. Na kile kina cha kurudi, hasa pale gerezani, kinakwenda na kurudi kwa mwendo uleule wa mkono unaosugua tupa. Sidai Kijumwa alikusudia. Fundi wa patasi huenda hakuhitaji kukusudia.

Nikiwa mtu wa milimani naulizwa mambo ya Pate na Lamu yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu Kiswahili kilitupandia kwa barabara ya misafara. Semboja, mwana wa mfalme wetu Kimweri ye Nyumbai, alipoacha kilele na kujenga Mazinde tambarare ili aishike biashara, lugha hiyo ilikuja na bunduki, nguo na waandishi. Mmoja wa waandishi hao, Abdallah bin Hemedi, aliyeishi karibu na Semboja, alituachia Habari za Wakilindi, habari ya ukoo wa wafalme wetu, iliyochapwa sehemu kwa sehemu na wamisionari wa UMCA, jamaa wale wale wa Steere. Hivyo shujaa wa pwani na shujaa wa Usambara walipita kwenye mikono ya chama kimoja cha wamisionari, na ukisoma habari zao pamoja unaona ufundi wa namna moja.

Shujaa wetu ni Mbegha. Naye anaingia katika hadithi akiwa amefungwa, ijapokuwa hana pingu: meno yake ya juu yalitangulia kuota, akawa kigego, mtoto wa nuksi, na ndugu zake wakamtenga. Ni mwindaji asiyekosa, ana mbwa, ana dawa. Mtunzi mvivu angempandisha Usambara akishinda vita. Mapokeo yanampandisha na nyama. Anaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anawagawia wenyeji minofu, nao wanamletea vyakula vya shambani. Kijiji kwa kijiji, hadi Bumbuli, hadi Vuga. Anamuua simba naam, na jina la simba linabaki kwa wafalme wa Vuga, ila ukiisikiliza hadithi vizuri, ufalme ulishaanza kwenye sufuria. Mkate kule, nyama huku. Wasimulizi wa kale wa pande zote mbili waliamini kwamba nguvu za mtu huonekana vizuri zaidi zinapopita kwenye mikono ya wengine na matumbo yao.

Habari zisizopata msimulizi wa aina hiyo huwa nzito sana. Mputa, mtawala wa Vuga, alikuwa wa ukoo ulioaminiwa kuwa na mamlaka juu ya mvua, uwezo wa kuiponya nchi na wa kuiharibu. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga. Hakuna mtu aliyemwimbia gungu, wala tupa haikuokwa. Wajerumani hao waliuita mji wetu wa Lushoto Wilhelmstal, wakaacha kumbukumbu ya hamsa ishirini za kiboko na ya wafungwa waliounganishwa shingoni kwa mnyororo mmoja wakifanya kazi barabarani. Leo mji una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako watu husomea namna ya kuhukumu na kuendesha mashauri, na nimewahi kutamani utenzi wa Liyongo uwe katika somo la mwaka wa kwanza, angalau kwa ajili ya ile habari ya chakula cha mfungwa.

Ebrahim Hussein alilielewa gereza la Mjerumani. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Tamthilia ya Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, inamalizikia kifungoni. Huyu naye ni mwenye nguvu za ajabu nyuma ya nondo, lakini mwandishi hakumpa tupa wala mama mwokaji. Kitu pekee alichonacho ni neno lake: akubali kwamba maji yalikuwa uongo, au akatae. Anakataa. Kwa ufundi huu ni kinyume cha Liyongo. Kila kilichoweza kumtoa kimeondolewa jukwaani kimoja kimoja, hadi abaki na jibu tu. Naheshimu tamthilia ile kuliko ninavyoipenda. Liyongo nampenda.

Halafu yuko mfungwa wa kweli aliyeishi ndani ya ufundi huu badala ya kusimuliwa nao. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969, kwa ajili ya waraka ulioiuliza Kenya inakwenda wapi. Huko Kamiti na Shimo la Tewa alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa kwa siri, na mwaka 1973 yakawa Sauti ya Dhiki. Hakuwa na misuli ya kubomolea ukuta. Alikuwa na mamba ambaye kila msomaji alijua si mamba, na mnazi ambao ndugu wawili wanaugombea na kila msomaji alijua si mnazi. Mlinzi akiisoma karatasi ile ataona mnyama na mti, kama walinzi wa Pate walivyoona makapi. Alipotoka alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu.

Kurudi kwa watoto wa kibanda umiza: ukiwasimulia Liyongo, watakuuliza mapema kama stelingi anakufa, na hapana budi uwaambie kweli. Anakufa. Anamwambia mwanawe mwenyewe siri yake, kwamba sindano ya shaba kitovuni ndiyo pekee inayomweza, na mwana, aliyehongwa na sultani, anaitumia baba akiwa usingizini. Tena ni mkono wa mtu wa karibu, na kitu kidogo. Hadithi iliyomwokoa kwa kitu kidogo mkononi mwa msichana inamuua kwa kitu kidogo mkononi mwa mwana, na watoto, ambao ni wakali kuliko wahakiki, hulipokea hilo bila kulalamika.

Wanacholalamikia ni kingine, na hapo nipo upande wao. Mkate ukishafika, Saada haonekani tena. Yeye ndiye aliyekariri wimbo bila kukosea neno, akapita mlangoni akiwa na tupa kichwani, akatulia walinzi wakiupekua mzigo. Asubuhi walinzi waliobaki wazima walijua vizuri nani alileta mkate ule. Kijumwa, kwa ustadi wake wote, hakurudi kumtazama. Beti zake bado hazijatungwa, na mizani nane kwa mshororo inamtosha mtu yeyote wa Lushoto, Mlalo au Mtae mwenye jioni za baridi za mwezi wa saba na subira. Ningeshauri aanze kule jikoni, wakati mama anapima wishwa, na asimtaje Liyongo mpaka walau ubeti wa kumi.