Kupakia na Kufungasha ni Mambo Mawili

Tangu mwaka 2004, ilipotolewa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, jitihada kubwa ya watafsiri wa mambo ya kompyuta imeelekezwa kwenye maneno yaonwayo na mtumiaji wa kawaida. Maneno ya fundi mwenyewe, yaani yule aundaye programu, yamebaki nyuma. Katika makala haya tutalihakiki moja tu kati ya hayo.

Mwunda programu hutumia zana maalumu ya kujengea, nayo hutii amri zake hatua kwa hatua. Hugeuza maandishi ya programu yawe katika lugha ya mashine, huyajaribu, kisha hukusanya vyote vinavyohitajika katika faili moja lenye jina, nambari ya toleo na maelezo yake, tayari kwa safari. Katika zana iitwayo Maven hatua hiyo ya kukusanya hufuata ile ya majaribio; npm na Cargo nazo zina amri mahususi kwa kazi hiyo. Je, amri ya namna hiyo inapoongezwa katika zana, tuieleze kwa kitenzi gani cha Kiswahili?

Neno linalomjia mtafsiri upesi ni pakia. Hapana ubishi kuwa ni neno zuri, lakini tayari lina kazi yake. Limezoeleka kwa maana ya kupeleka faili kutoka katika kompyuta ya mtu hadi mtandaoni, kama vile pakua lilivyozoeleka kwa kinyume chake. Tena, hata kabla ya kompyuta, kupakia hakukuwa kufunga. Mkazi wa Buzebazeba atumaye dagaa kwa nduguye aliyeko Dar es Salaam huwatia dagaa wakavu katika gunia, hulishona mdomo, kisha huandika juu yake jina la mpokeaji. Hapo amefunga mzigo, hajapakia kitu. Kupakia huanza gunia linapopandishwa garini, na aghalabu hiyo ni kazi ya mtu mwingine mwenye ujira wake mbali.

Tofauti hii si mchezo wa wanasarufi. Tumchukulie mtumishi wa ofisi ya umma anayesoma mwongozo usemao, "Pakia programu yako, kisha kagua vilivyomo." Mwandishi alikusudia faili litengenezwe na kubaki pale pale mezani ili likaguliwe. Msomaji, kwa kuifuata maana aliyoizoea, atalipeleka kwenye ghala la mtandaoni lililo wazi kwa watu wote, pengine pamoja na neno la siri la kufungulia kumbukumbu za wananchi. Gunia lililofungwa vibaya hufunguliwa likafungwa upya. Lililokwisha kuondoka na gari ni jambo jingine. Katika ghala kuu la vifurushi vya Cargo, toleo likishachapishwa haliwezi kubadilishwa. Hutolewa toleo jipya. Kosa la istilahi hapa huwa kosa la kazi.

Wako watakaopendelea kukopa, waseme kupaki. Mkopo huu umechelewa, kwani kupaki kwa Waswahili wa leo ni kuegesha gari. Wengine wataanzia kwenye jina kifurushi, ambalo kampuni za simu zimelieneza nchi nzima. Jina hilo lina asili njema, lakini halitupi kitenzi. Atakayejaribu kulinyambua atafika kwenye furusha, nako kufurusha ni kutimua. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi waifurushe programu yao asistaajabu wakiifuta.

Lililobaki ni fungasha. Kitenzi hiki kinanyambulika bila taabu: fungasha, fungashwa, mfungashaji, ufungashaji. Aidha, ndugu yake kifungashio anatumika rasmi serikalini na viwandani. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilitulazimisha sote kutofautisha mfuko wa kubebea na kifungashio cha bidhaa. Hivyo hatuundi neno jipya, bali tunalipa neno lililopo wajibu zaidi.

Ipo hoja ya kulipinga, nayo si dhaifu. Mtu akisikia fungasha humfikiria anayekusanya virago vyake ahame, pengine kwa kushindwa. Kwa maoni yetu wazo hilo la safari ndilo linaloipa istilahi nguvu, kwa sababu kitu hufungashwa ili kifike kwingine kikiwa kizima. Sisi wa mwambao wa Tanganyika tunao mfano mkubwa wa jambo hilo. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma, ilikoungwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Waliofungasha walikuwa Papenburg. Waliopakia walikuwa bandarini. Kama kipande kimoja kingesahauliwa sandukuni, aliyepakia asingelijua hilo. Angelijua fundi wa Kigoma, naye angekuwa mbali mno na kiwanda. Cargo hujihadhari na hatari ya aina hiyo hiyo: baada ya kufungasha, hufungua kifurushi na kujaribu kukijenga upya kabla hakijaondoka.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Tendo liitwe kufungasha, na amri yenyewe iitwe amri ya kufungasha. Zao lake liitwe kifurushi cha programu, wala neno programu lisiachwe, ili msomaji asidhani anauziwa muda wa maongezi. Kupakia kubaki kwa maana ya kupeleka mtandaoni tu. Maneno yanayoandikwa katika amri zenyewe yaachwe kama yalivyo, kwani mashine haitambui mengine. Maelezo yake ndiyo yaandikwe kwa Kiswahili.

Samaki mkunje angali mbichi. Pakia lilikwisha kukauka katika maana yake, na kulikunja sasa ni kulivunja. Fungasha bado ni bichi katika fani hii, nalo linawangoja walimu na watafsiri walitie mkononi.